Shukrani kwa mama wa Tainan, Taiwan

Mama uliyenikuta juani nje ya Hekalu la Confucius, lile la mwaka 1665, nikigeuzageuza ramani, ahsante sana. Lugha hatukuelewana hata kidogo, lakini ulinishika mkono, ukanivusha barabara iliyojaa pikipiki, ukanifikisha hadi Chihkan, ngome waliyoijenga Waholanzi mwaka 1653. Tena ukaingia nami! Ukanionyesha wale kasa tisa wa mawe waliobeba mabamba ya maandishi mgongoni, kidole chako kikifuata herufi moja moja hewani, taratibu, kama bibi anayemfundisha mjukuu kusoma. Peke yangu ningewapita tu. Na ile chai baridi uliyoninunulia, hela yangu ukaikataa katakata. Mungu akuzidishie afya na umri, mama yangu.