Twende Ngazija, lakini si Agosti

Mkunazini, Unguja

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku wazima, Alhamdulillahi. Mama tu ndiye miguu inamsumbua, na kila siku anakuulizia.

Ujumbe wako nimeupata. Safari ya Ngazija, huko Komoro, nimekubali kabla hujamaliza kusema, ila huo mwezi wa nane ulioutaja, uondoe kabisa. Julai na Agosti ni likizo Ufaransa, na Wangazija wa Marseille na Paris hurudi kwao kuoa na kuozesha. Wenyewe wanawaita "je viens", yaani "nakuja" kwa Kifaransa. Ile ndoa kubwa ya ada mtu huiwekea akiba miaka na miaka, na ikifika wakati wake mji mzima haulali. Nauli za ndege zinapaa, magari yamekodiwa na wenye harusi, vyumba vimejaa. Na harusi zao nazijua. Nilimsindikiza shangazi kumuozesha binti wa jamaa zetu pale Itsandra, wanawake wamejipaka liwa uso mzima, sinia haziishi kuletwa. Moroni, mji mkuu wao, niliiona kwenye dirisha la gari. Karthala, mlima wao wa volkano, nilioneshwa kwa kidole, umejifunika mawingu kama mwari.

Safari hii basi nautaka mlima wenyewe. Twende mwishoni mwa Septemba: wageni wa Ufaransa watakuwa wamesharudi, kusi limelegea, na mvua kubwa za huko ni za Novemba kuendelea.

Najua wewe kilichokuvuta ni zile picha za ufukwe. Zuhura, Ngazija si Unguja wala si Diani. Sehemu kubwa ya pwani ni mawe meusi, lava iliyotiririka ikagandia baharini. Mchanga mweupe upo kwa mafungu tu: Itsandra jirani na mji, Chomoni upande wa mashariki, na kule kaskazini Mitsamiouli na Maloudja, ambako nasikia ndiko kuzuri kuliko kote. Siku mbili tatu za kuogelea tutazipata. Ila kama ni kulala juani wiki nzima, baki hapo kwenu, pesa yako itabaki mfukoni.

Karthala una mita 2,361. Usiucheke kwa sababu umezoea kusikia habari za Kilimanjaro. Unaondoka vijiji vya juu ya Moroni, bahari bado iko mgongoni kwako, na ni kupanda tu. Wenye mapafu yao huenda na kurudi siku moja. Sisi tutalala juu. Unapita mashamba ya migomba, unaingia msituni, kisha miti inafupika mpaka unabaki na vichaka vya erika vilivyoota kwenye majivu. Hapo ardhi inakatika. Mbele yako kuna bonde la volkano la kilometa 3 kwa 4 hivi, na ndani yake shimo lenyewe, wanaliita Chahale. Humo palikuwa na ziwa, mlipuko wa Aprili 2005 ukalimaliza.

Shemeji atauliza usalama. Mwambie mlima ulitapika mara ya mwisho Januari 2007, na kisiwani kuna kituo cha wataalamu kinachousikiliza. Lakini usimfiche kwamba mwaka 1977 lava ilipasukia ubavuni, chini kabisa, ikakifunika kijiji cha Singani. Bora ayasikie kwako kuliko kwa mama mkwe.

Kitakachokushinda wewe si moto, ni maji. Kisiwa kizima hakina mto. Mvua inanyesha, tena nyingi, lakini ardhi ni mawe yenye matundu na yote yanazama. Ndiyo maana nyumba zina mabirika ya kukingia maji ya mvua, na majivu ya 2005 yalipoanguka humo, watu wakahangaika kupata maji ya kunywa. Kule kwa jamaa zetu mwenyeji alinitekea nusu ndoo, akaiweka mlangoni mwa choo, akaondoka na kata yake. Ukiingia ujue ndiyo hiyo. Mlimani tutabeba kila tone, na mtu wa kutusaidia mizigo tutamlipa. Wewe unayekunywa chai birika zima asubuhi, anza mazoezi.

Moroni tuipe siku nzima. Pale bandarini upo msikiti wa Ijumaa wa kale, wa mwaka 1427, mweupe wenye matao, na maji yakipwa mashua hulala kwenye mawe meusi chini yake. Vichochoro vya nyuma, Badjanani, ni Mji Mkongwe mtupu. Halafu shangazi kaniagiza Itsandra, nisome fatiha: Sayyid Ahmad bin Sumeit, kadhi wetu wa Unguja, alizaliwa pale mwaka 1861, na shangazi hulisema hilo kama vile yeye ndiye aliyemlea.

Chakula usihofu. Watakusifia kambakoche wa vanila, kwa sababu vanila wanailima wenyewe. Mimi sijashawishika, vanila nimeizoea kwenye keki. Nipe mataba, ambayo ni kisamvu cha nazi, na pilipili yao ya putu pembeni, usinisemeshe tena.

Pesa, beba yuro taslimu. Faranga yao imefungwa kwenye yuro, kama 492 kwa moja, kwa hiyo hakuna wa kukuzungusha. Usitegemee kadi. Madera yako chukua, hata ya kuogelea, ile ni nchi ya watu wa dini. Na sweta nzito, juu kule usiku ni baridi hasa.

Tukutane Dar, tupande ndege pamoja. Yule kaka yako asituletee habari za meli ya mizigo, mimi na kutapika baharini tulishaachana. Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi nikate tiketi, na unitajie namba ya mguu wako: hapa Darajani nimeona viatu vya kupandia mlima, mtumba lakini soli nzima, na muuzaji kanisubirisha mpaka Jumamosi tu.

Wako,
Mwanaidi