Nembo ya CE si hirizi

Ndugu Mhariri,

Msomaji mwenzangu alituusia kwamba ukitaka kuitambua chaja feki, tazama nafasi kati ya herufi C na E za nembo ya CE iliyochapwa juu yake: zikibanana ni "China Export", zikiachana ni ya Ulaya. Maneno hayo nimeyasikia Kariakoo, tena kwa wauzaji wenyewe. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme, naomba nimsahihishe.

Nembo ya China Export haipo. Herufi zikibanana, maana yake aliyechapa hakufuata vipimo vya nembo ya CE, basi. Mjanja atazichapa kwa nafasi ile ile inayotakiwa, utamjuaje? Tena hata CE ya kweli, kwa vifaa vya kawaida vya umeme vya nyumbani, huwekwa na mtengenezaji mwenyewe anapotamka kuwa ametimiza masharti ya Ulaya. Sheria haimlazimishi kupeleka chaja yake kwenye maabara ya mtu mwingine. Mwanafunzi kajisahihishia mtihani. UL, shirika la Marekani la kupima usalama wa vifaa, ni tofauti, wao hupima kifaa na kukagua kiwanda, ila wino wa kuchapa herufi hizo mbili unauzwa kila mahali. Mwaka 2016 walipima chaja 400 za kuiga za Apple. Zilizofaulu vipimo vyote zilikuwa 3.

Mimi naamini bisibisi. Nikifungua chaja naangalia upande wa volti 230 umekaa mbali kiasi gani na upande wa volti 5 unaokwenda kwenye simu, maana zikikaribiana umeme wa ukutani unaweza kurukia upande wa simu. Nimekutana na zilizotenganishwa na nafasi isiyofika milimita moja, na nje zina nembo zote unazozijua. Waya wa ekstensheni nao nikiukwangua, shaba inabanduka, chini yake alumini, ambayo hupata moto upesi kuliko shaba.

Lakini mnunuzi hawezi kufungua kitu dukani. Ndiyo maana nashauri adai risiti yenye jina na modeli ya kifaa, na wakaguzi wetu wawabane wauzaji kwa hilo. Kenya stika ya bidhaa za nje ina namba ambayo mnunuzi anaweza kuihakiki kwa simu. Huo ndio mwelekeo.

Juzi mama mmoja aliniletea ekstensheni iliyoyeyuka, friji ikiwa imechomekwa. Nembo tatu mgongoni, jina la mwagizaji hakuna. Risiti anayo, kaitunza vizuri. Imeandikwa "bidhaa mbalimbali".

Fundi, Temeke, Dar es Salaam