ATP, na unga uliolala chupani

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Umeniuliza: kama nishati imefungwa ndani ya kifungo cha fosfeti, mbona unga wa ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, umekaa chupani kimya kama chumvi ya mezani?

Swali hilo linavishinda vitabu vingi. Kuvunja kifungo chochote cha kikemikali kunakula nishati, hakutoi. Faida huja maji yakishaingia na vifungo vipya kuundwa: ADP (ATP iliyopungukiwa na fosfeti moja) na fosfeti hutulia kuliko ATP, ambayo fosfeti zake tatu zina chaji hasi na zinasukumana. Katika hali sanifu faida hiyo ni kilojuli 30.5 kwa moli; ndani ya seli hai hukaribia 50 au kuzidi. Molekuli ni ileile. Seli ndiyo inayohangaika usiku na mchana kuweka ATP nyingi na ADP kidogo, mbali kabisa na msawazo, hali ambayo mmenyuko hauelekei upande wowote. Mitokondria (sehemu za seli zinazotengeneza ATP) zikizibwa na sumu ya sianidi, uwiano huo huporomoka, na ATP iliyobaki hupungukiwa na nguvu yake.

Kwa hiyo usiwaambie wanafunzi kuwa ATP ni ghala. Ghala ni mafuta na glaikojeni (wanga wa akiba mwilini). ATP ni mchukuzi, na mchukuzi halali na mzigo. Katika mbio za kasi, akiba ya ATP ya msuli ingekwisha kwa sekunde 2 au 3 kama kreatini fosfeti, molekuli nyingine ya msuli yenye fosfeti, isingeijaza upya. (Na ile hesabu ya ATP 38 zinazotengenezwa kwa kila molekuli ya glukosi ifute: hesabu ya sasa ni 30 hadi 32.)

Sasa unga wako. Kwa mililita 10 za myeyusho wa milimoli 100 kwa lita, pima gramu 0.551 za chumvi yake ya sodiamu mbili isiyo na maji. Unga wa dukani mara nyingi una maji ndani yake, basi fuata uzito wa moli ulioandikwa kwenye lebo. Yeyusha katika mililita 7 za maji baridi. Myeyusho utakuwa na asidi, pH kama 3, na ATP haikai salama humo. Dondosha sodiamu haidroksaidi huku ukikoroga hadi pH 7, kisha jaza hadi 10. Gawa kwenye vichupa vidogo, gandisha kwa nyuzi −20, na kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu.

Ukiuzimua mara 2,000, spektrofotomita, kipimo cha mwanga unaofyonzwa na myeyusho, kwenye nanomita 259 isome karibu 0.77. Lakini hapo ndipo watu hudanganyika: kinachosomwa ni adenini, sehemu ya molekuli inayofyonza mwanga huo, na ADP inayo vilevile. Myeyusho uliooza utasoma 0.77 hiyohiyo! Ukiushuku, tia tone kwenye lusiferini na lusiferesi ya kimulimuli, yaani kemikali na kimeng'enya vinavyompa mdudu huyo mwanga wake. ATP itawaka, ADP haiwaki.

Usisahau magnesi. Vimeng'enya vingi huipokea ATP ikiwa imeshikana nayo. Ukiiacha, utakilaumu kimeng'enya bure.

Niandikie ukishapima.

Rafiki yako,
Hamisi