Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu ya Ufundi: mtihani wa fundi wa injini ufanyike kwenye injini inayowaka

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni fundi wa injini za magari, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwapokea gerejini vijana waliokwisha kumaliza chuo na kutunukiwa vyeti, ili wapate uzoefu kabla ya kujitegemea. Nakuandikia kwa heshima, na nimechagua kukuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linawagusa wanafunzi, walimu, wenye gereji na kila anayemkabidhi fundi ufunguo wa gari lake. Naomba mtu yeyote asipewe cheti cha ufundi wa injini mpaka asimame mbele ya injini inayowaka, yenye hitilafu asiyoijua, aitafute kwa vipimo, aipate, na aeleze kwa nini ni hiyo na si nyingine.

Vijana ninaowapokea si wavivu, na vichwa vyao ni vyepesi. Wanaweza kukuchorea mapigo manne ya pistoni, yaani kuvuta, kugandamiza, kuwaka na kutoa. Wanajua kwamba kranki shafti, inayozungushwa na pistoni, huzunguka mara mbili wakati kemu shafti, inayofungua valvu, inazunguka mara moja. Wapo hata wanaokumbuka kwamba Nikolaus Otto aliunda injini yake ya mapigo manne mwaka 1876. Ukiwapa injini iliyozimwa na spana za kutosha, wataivua yote na kuipanga mezani kwa utaratibu mzuri. Lakini likiingia gari ambalo injini yake inamisi, yaani silinda inakosa kuwaka, na haitulii inapokuwa silensa, yaani ikiunguruma gari likiwa limesimama, wengi wao husimama pembeni wakingoja kuambiwa wafungue nini.

Naomba nieleze kwa kirefu kidogo kinachotakiwa kufanyika hapo, kwa kuwa hoja yangu yote iko ndani yake. Aliyefundishwa kubadilisha vipuri ataweka plagi mpya. Tatizo likibaki ataagiza koili inayoipa plagi umeme, kisha nozeli inayopuliza mafuta, kisha pampu ya mafuta, na mwenye gari atalipia kila jaribio. Aliyefundishwa kupima ataanza kwa kuunganisha mashine ya kusoma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta ya gari, na akikuta kodi P0301 ataelewa kwamba kompyuta ya gari imegundua kuwa silinda ya kwanza haiwaki sawasawa, ingawa haijasema chanzo ni nini. Ataihamishia koili ya silinda hiyo kwenye silinda nyingine, aone kama kumisi kutahama nayo. Kusipohama, na plagi pamoja na nozeli zikiwa nzima, atapima mgandamizo wa silinda zote na kulinganisha. Silinda ya kwanza ikionekana dhaifu kuliko nyingine, atatia oili kidogo kupitia tundu la plagi na kupima upya: mgandamizo ukipanda, atashuku ringi za pistoni au ukuta wa silinda, ukibaki palepale, atageukia valvu na gasketi ya silinda hedi, yaani ya kifuniko cha juu cha injini.

Kisha kuna kipimo ambacho mimi nakithamini kuliko vyote. Fundi huizungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ya silinda inayoshukiwa ifike juu kabisa mwishoni mwa pigo la kugandamiza, valvu zote zikiwa zimefunga, halafu hupuliza hewa ya kompresa ndani ya silinda hiyo na kusikiliza inatorokea wapi. Ikisikika kwenye eksozi, valvu ya kutolea moshi haifungi vizuri. Ikisikika kwenye njia ya kuingizia hewa, ni valvu ya kuingizia. Ikivuma kwa nguvu kwenye tundu la kujazia oili, ringi zimechoka. Na maji ya rejeta yakianza kutoa mapovu, gasketi imeungua au hedi ina ufa. Kabla bolti moja ya injini haijalegezwa, fundi anajua anachokwenda kukikuta, anajua vipuri gani viagizwe, na anaweza kumweleza mwenye gari kwa lugha ya kawaida. Mlolongo huu wote hauwezi kufundishwa, wala kutahiniwa, kwenye injini ambayo haiwezi kuwashwa.

Chuo hufundisha kile kinachotahiniwa, na siwalaumu walimu kwa hilo. Mtihani ukiwa ni maswali ya kuandika, pamoja na zoezi la kuvua na kufunga injini ya darasani, basi mwaka mzima utatumika kuvua na kufunga. Injini hiyo ya darasani imepitia mikono ya madarasa mengi. Gasketi yake imerudishwa mara nyingi, bolti zake zimelegea nyuzi, na kwa kuwa haitawashwa kamwe, hakuna kosa linalojulikana. Mwanafunzi akikaza bolti za hedi kwa kufuata hisia za mkono, injini haitavuja maji wala haitachemka, kwa hiyo ataondoka akiamini kwamba alifanya sawa. Hatakuwa amejifunza kwa nini bolti hizo hukazwa kwa awamu, kwa mpangilio uliowekwa na mtengenezaji, ambao kwa kawaida huanzia katikati kwenda pembeni. Kwa nini injini nyingi za sasa hutaka bolti ikazwe kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukazia, na kisha izungushwe zaidi kwa pembe maalumu. Na kwa nini baadhi ya bolti hizo, zikishavutika mara moja, hazirudishwi tena. Vivyo hivyo, akikosea meno ya mkanda wa taimingi, unaounganisha kranki shafti na kemu shafti, kwenye injini ya darasani hatasikia chochote, ilhali katika injini nyingi zilizoko barabarani kosa hilo linaweza kugonganisha valvu na pistoni mara tu ufunguo unapozungushwa.

Kuvua na kufunga ni sehemu ya kazi yetu, na fundi asiyejua kutumia mikromita, fila geji na rula iliyonyooka kukagua uso wa hedi hajakamilika. Ninachosema ni kwamba stadi hiyo hufuata baada ya uchunguzi. Anayefungua kwanza na kufikiri baadaye huharibu hata ushahidi ambao ungemwonyesha ukweli.

Upande wa umeme hali ni nzito zaidi. Magari mapya yaliyouzwa Marekani kuanzia matoleo ya mwaka 1996 yalilazimishwa kisheria kuwa na mfumo wa kompyuta wa kujichunguza, wenye soketi ya pini 16 ya kuunganishia mashine ya kusoma kodi. Nchi za Umoja wa Ulaya zikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Ujerumani, ambako mwanagenzi hugawa muda wake kati ya chuo na gereji, iliunganisha mwaka 2003 fani ya makanika wa magari na ya fundi umeme wa magari ikawa fani moja ya miaka mitatu na nusu, kwa kuona kwamba mtu mmoja hawezi tena kutengeneza gari huku nusu ya gari hilo ikiwa si kazi yake. Katika madarasa mengi ninayoyafahamu, somo la umeme wa gari bado huishia kwenye betri, alternata na taa.

Matokeo yake tunayaona kila siku. Gari linaletwa likizungusha stata kwa uzito, na kijana anabadilisha stata. Kwa multimita ya kawaida angeweza, wakati mwenzake anapiga stata, kupima tofauti ya volti kati ya nguzo hasi ya betri na bloku ya injini. Ikivuka takriban nusu volti, waya wa kurudishia umeme au maungio yake yana kutu au yamelegea, na dawa yake ni kusafisha na kukaza. Huambatana na hilo tabia ya kuabudu mashine ya kusoma kodi. Kodi P0171 husema kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Wengi wakiiona hukimbilia kubadilisha sensa ya oksijeni, wakati huenda sensa hiyo ndiyo inayosema kweli na bomba la mpira la hewa nyuma ya injini limepasuka na linaingiza hewa ya ziada.

Najua utaulizwa kuhusu gharama, na ni swali la haki. Chuo hakihitaji magari mapya. Injini iliyotumika lakini inayowaka, ikifungwa kwenye fremu pamoja na rejeta, betri, kompyuta yake na waya zake zote, inatosha kufundishia na kutahini kwa miaka. Vifaa ninavyovitaja, yaani geji ya mgandamizo, kifaa cha kupimia uvujaji wa silinda, multimita na mashine ya kusoma kodi, ni vya kawaida katika gereji yoyote inayojiheshimu. Hitilafu zinaweza kuwekwa bila kuharibu kitu: relei ikatolewa, bomba la mpira la hewa likalegezwa, rezista ikaunganishwa kwenye waya wa sensa ya joto ili kompyuta idhani injini ni ya baridi. Kinachohitaji fedha hasa ni kuwarudisha walimu gerejini kwa vipindi, wakaguse magari ya sasa, kwani hatuwezi kumdai mwalimu afundishe mfumo ambao hajawahi kuushika.

Swali la upendeleo nalo litakuja, na mtihani wa aina hii unaweza kulindwa vizuri kuliko mtu anavyodhani. Hitilafu ichaguliwe kwa kura asubuhi ya mtihani, msimamizi asiwe mwalimu wa chuo hicho, na mtahiniwa aandike kila kipimo alichopata pamoja na uamuzi uliotokana nacho. Namba hizo zinaweza kupimwa tena na msimamizi wa pili kwenye injini ileile. Usalama utahiniwe papo hapo: kama mtahiniwa ameuelekeza moshi wa eksozi nje kabla ya kuwasha injini ndani ya karakana, kwa kuwa kaboni monoksaidi haina harufu na huua; na kama anatambua kwamba waya za rangi ya chungwa kwenye magari ya haibridi, yanayotumia mafuta na umeme, na ya umeme hubeba mamia ya volti, na kwamba haziguswi na asiyefunzwa kuuzima mfumo huo.

Mlango huohuo ufunguliwe kwa waliojifunza gerejini bila kupita chuoni. Wako mafundi ambao wanasikia ugonjwa wa injini kabla boneti haijafunguliwa, na hawana karatasi hata moja ya kuthibitisha. Wapo pia wanagenzi ambao, badala ya kufundishwa, wamefanywa waosha vipuri na wabeba spana mwaka baada ya mwaka, bila mtu wa kuwaeleza sababu ya chochote. Wa kwanza wakae mtihani huu moja kwa moja, na wakifaulu wapewe cheti kilekile wanachopewa wenzao wa chuo. Wa pili wapewe kitabu cha kazi kinachoorodhesha aina za hitilafu wanazopaswa kukutana nazo, kisainiwe na fundi msimamizi kila kazi inapokamilika, na kikaguliwe na ofisi yako, ili mwenye gereji asiyefundisha aonekane.

Mheshimiwa Waziri, kwa kuanzia naomba mambo mawili. La kwanza ni kwamba vyuo vichache vilivyo tayari viruhusiwe kufanya mtihani huu kwa kundi moja la wahitimu, sambamba na mtihani uliopo, na matokeo ya yote mawili yatangazwe. La pili ni kwamba kamati itakayotunga hitilafu na vigezo vya kusahihisha iwe na mafundi wanaofanya kazi gerejini sasa hivi, pamoja na walimu. Niko tayari kutoa muda wangu katika kamati hiyo bila malipo, na kuwapokea walimu watakaotaka kuja kufanya kazi nasi wakati wa likizo za vyuo.

Wako mtiifu,
Fundi wa injini na msimamizi wa wanagenzi