Ndoa iko pale pale hata mwenzi akiwa Mombasa

Ndugu Mhariri,

Wapo wenzetu Marekani wanaojaza kodi kama watu wasio na ndoa kwa kuwa mwenzi yuko nyumbani. Ni kosa: hali ya ndoa huangaliwa tarehe 31 Desemba, popote mwenzi alipo.

Barua ya deni la kodi ikija, isilale kabatini. Rekebisha ulichojaza kwa fomu 1040-X. Kujaza pamoja na mwenzi mara nyingi hupunguza deni, ila mwenzi asiye na namba ya mlipakodi aiombe kwa fomu W-7, na mapato yake ya nyumbani, hata pango la vyumba vya Mombasa, nayo yatajwe. Pigeni hesabu kwanza! Tarehe ya mwisho ya kujaza ikishapita, waliojaza pamoja hawawezi kubadili wajaze kila mtu peke yake.

Lipa uwezacho sasa, maana adhabu ya kuchelewa kulipa kwa kawaida ni asilimia 0.5 ya deni kila mwezi, mbali na riba. Salio liombee awamu kwa fomu 9465.

Msomaji, Minnesota