Kaka wa semi pale Kitonga, asante sana

Tulikuwa tunatoka Dar kwenda Tukuyu, watu saba na magodoro mawili ndani ya Hiace ya kuazima kwa shemeji. Mikumi tulipita salama, watoto wakihesabu twiga. Katikati ya mlima Kitonga injini ikachemka: mkanda wa feni umekatika. Nyuma malori, pembeni korongo, mama mkwe anasali kwa sauti.

Ukashuka na dumu la maji, ukaweka jiwe nyuma ya tairi, ukatufungia mkanda wako wa akiba. "Huu utawafikisha Iringa." Kaka, ulitufikisha Tukuyu! Hela ulikataa, ukachukua chapati mbili tu. Jina hatukuuliza, aibu yetu. Mungu akuzidishie. Shemeji angekushukuru pia, ila bado hatujamsimulia.