Jumapili: tunaifuata reli ya Bububu

Assalamu alaykum ndugu zangu. Jumapili tukutane Forodhani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, mbele ya Ngome Kongwe, saa 1:00 asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Tutaifuata kwa miguu njia ya gari moshi la kutoka mjini hadi Bububu, lililoanza mwaka 1905. Reli zenyewe ziling'olewa zamani, basi tutegemee ramani na kumbukumbu za wazee. Tutaishia Darajani, palipokuwa na mkono wa bahari kabla haujafukiwa. Bububu kwenyewe hatufiki, ni kama maili 7!

1. Mchango sh. 5,000 (chai na nakala za ramani), apewe mweka hazina.
2. Mwenye picha za zamani nyumbani aje nazo, tafadhali.
3. Ndala hapana.

Nijibuni "nipo" au "sipo" kabla ya Ijumaa magharibi, niagize chai.